Mkwe Aliyekutwa Kabatini

Mama mkwe alifungua kabati la nguo akitafuta shuka, akamkuta mkwe wake humo ndani, amekaa chini, magoti yamegusa kidevu, kompyuta imebanwa katikati, na koti la suti limemfunika mabega.

"Shikamoo, mama," mkwe akasema.

"Marahaba," mama mkwe akajibu, maana salamu ni salamu. Kisha akaufunga mlango wa kabati taratibu, kama mtu aliyefungua choo akakuta kuna mwenzake, akaenda kukaa sebuleni. Shuka alilisahau.

Mtu mzima mwenye mke, kazi na ndevu hafiki kabatini kwa siku moja. Huyu alifika hivi.

Kazini walimwita Mabano. Alikuwa akiandika yale maneno yanayopita chini ya filamu na tamthilia kwa ajili ya watazamaji wasiosikia. Maneno ya waigizaji ndiyo kazi rahisi. Kazi ngumu ni sauti nyingine zote, kwa sababu mtu asiyesikia hawezi kujua kwamba nyuma ya mwigizaji anayelia kuna mlango umebamizwa, mpaka mtu amwandikie ndani ya mabano: mlango unabamizwa. Wenzake waliandika "kelele", wakasonga mbele. Yeye aliandika "sufuria inaanguka, kifuniko kinazunguka sakafuni." Msimamizi alimwambia hilo la kifuniko halina haja. Mabano akaenda kusikiliza tena, akarudi.

"Lakini kinazunguka," akasema.

Msimamizi akaachana naye, na jina la Mabano likamganda tangu hapo.

Masikio ya watu wengi yana bawabu. Friji ikinguruma, bawabu anaiambia subiri nje, mwenye nyumba ana mazungumzo. Masikio ya Mabano hayakuwa na bawabu. Kila sauti iliingia na viatu vyake ikakaa kwenye kochi. Ndiyo maana kazini alipenda kile chumba kidogo kisicho na dirisha, chenye kuta za sponji, ambacho wenzake walisema ni kaburi lenye swichi ya taa. Alikaa humo miaka mingi. Saa ya chakula mwenzake wa chumba cha pili alimgongea ukuta, wakaenda kula. Jioni mfagizi alizima taa za ukumbini, naye akajua ni wakati wa kwenda nyumbani. Maisha hayakuwa na neno.

Kisha kampuni ikahama jengo, ikahama na lile ililohamia, mwisho ikaona ni heri kila mtu afanyie kazi nyumbani kwake. Wenzake walishangilia. Mabano aliuliza kama anaweza kuondoka na kile chumba. Walicheka sana. Hakuwa anatania.

Nyumbani waliishi watatu. Mkewe alifundisha watu kuendesha magari, kazi iliyompa sauti moja ya utulivu kwa kila jambo, liwe harusi au ajali. Mama yake, yaani mama mkwe, alikuja kukaa kwa muda mfupi wakati mwanawe wa kiume, ambaye wote walimwita Mkandarasi, akimtengenezea paa la nyumba yake. Paa lilikuwa bado linatengenezwa.

Mama mkwe hakuwa mtu wa kukaa. Alitoka jikoni kwenda uani, uani kwenda sebuleni, sebuleni kwenda dirishani kuangalia nani anapita, akiwa na kandambili zake. Kandambili moja ilipiga sakafu, nyingine iliburuta. Pa, shwii. Pa, shwii. Nje pampu ya maji ya jirani ilikohoa kutwa nzima. Mabano alikaa meza ya chakula, akavaa hedifoni, akafungua filamu, na hadi mchana alikuwa ameandika sentensi moja, tena ya salamu.

Alihamia chumbani. Alihamia bafuni, lakini bafu lilirudisha kila sauti na nyongeza juu. Siku moja alifungua kabati kutafuta shati, akaingiza kichwa, na dunia ikapungua. Sauti zilikuja kama zinatoka kwa jirani wa mbali. Makoti yalimgusa mabega kwa uzito mzuri. Akaingia mzima mzima, akafunga mlango, akafanya kazi ya siku mbili kabla mkewe hajarudi.

Hakumwambia mtu. Angesemaje? Kila asubuhi mkewe akishaondoka, alisubiri mama mkwe aende uani, akaingia kazini. Miguu ilimfa ganzi, jasho lilimtiririka, na akitoka alitembea kama mtu aliyeshuka kwenye punda. Lakini alikuwa anaandika. Siku za mwizi ni arobaini. Ikaja ile ya shuka.

Jioni ileile Mkandarasi aliitwa. Alikuja na saruji kwenye suruali, akakaa mkabala na shemeji yake.

"Shemeji, kuna mtu unamkimbia?"

"Hapana."

"Umeachishwa kazi ukaogopa kusema? Sema tu. Inatokea."

"Sijaachishwa. Nafanya kazi."

"Kabatini."

"Ndiyo."

"Kazi gani ya kabatini?"

"Ileile."

Mama mkwe alikuwa amekaa palepale, hatua moja kutoka kwa mkwe wake, lakini aliongea na mwanawe. "Muulize kama ni mimi. Kama amechoka kuniona aseme, nina kwangu."

"Kwako hakuna paa, mama," Mkandarasi akasema.

"Nakujua wewe unayelijenga."

Mkewe Mabano aliingia, funguo za gari mkononi, akaelezwa yote kwa mpigo na watu wawili. Alisikiliza mpaka mwisho. "Kabati ni lake," akasema. "Na nguo ni zake. Hajavunja sheria." Kisha akamtazama mumewe vizuri, magoti, shingo, macho, akasema kwa sauti ileile: "Kesho tunakwenda hospitali."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," mama mkwe akaunga mkono.

"Siumwi," Mabano akasema.

"Basi tutakwenda kumwambia daktari hivyo."

Daktari aliuliza maswali mengi, mengine ya utotoni, akamrudisha nyumbani, akamwita tena, akauliza mengine. Mwishowe akasema ni usonji. Akaeleza kwamba huo si ugonjwa wa kutibiwa ukaisha. Ni namna ubongo ulivyoumbwa, na watu wengi hufika utu uzima bila kuambiwa.

"Kwa hiyo nimekuwa nao tangu nizaliwe," Mabano akasema.

"Ndiyo."

"Basi si kabati."

Daktari alifikiri kidogo. "Hapana. Si kabati."

Garini, Mabano alifunga mkanda, akamwomba mkewe asiwashe gari kwanza. Walikaa. Watu walipita na bahasha zao za eksirei.

"Wamekuwa wakiniambia najidekeza," akasema.

"Nani?"

"Wote. Walimu. Baba. Na mimi pia."

"Mimi nilikuwa nakujua," mkewe akasema. "Jina tu ndilo sikuwa nalo. Hao wengine siwawezi. Wewe anza kuacha kujiambia hivyo." Akatazama vioo, akawasha gari.

Daktari alikuwa amewaandikia waonane na mtaalamu wa tibakazi. Mama mkwe aliposikia jina hilo alifurahi. "Kumbe siku hizi wanatibu uvivu!"

Akaelezwa kwamba sivyo. Ni mtu anayemsaidia mwenzake aweze kufanya shughuli za siku yake. Aliyepooza mkono anafundishwa upya kufunga vifungo vya shati. Na asiyeweza kufanya kazi nyumbani kwake, anafuatwa nyumbani kwake.

"Aje basi," akasema mama mkwe. "Nyumba tutaifagia."

Mtaalamu alikuwa mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa. Mabano alikuwa amejiandaa kwa hotuba: jitahidi, zoea, wenzako wanawezaje. Badala yake yule mwanamke aliomba kiti, akakaa pembeni asubuhi nzima akimtazama akijaribu kufanya kazi, pampu inakohoa, kandambili zinapita. Kisha akaomba aonyeshwe kabati. Akavua viatu, akaingia, akajifungia.

Akakaa humo. Mama mkwe akapita na ndoo.

"Mtaalamu kaondoka?"

"Yupo kabatini," Mabano akasema.

"Naye?"

"Nipo, mama," sauti ikasema kutoka kwenye makoti.

Mama mkwe aliendelea na ndoo yake. Baadaye alimwambia binti yake kwamba ugonjwa huo huenda unaambukiza.

Mtaalamu alipotoka alijipangusa pamba kichwani. "Kabati ni zuri," akasema. "Tatizo lake ni magoti na hewa."

Mabano alikuwa amejiandaa kujitetea, na sasa utetezi wote ulikuwa mdomoni hauna pa kwenda. Ikabidi aumeze.

"Hukuingia humo kwa wazimu," Mtaalamu akaendelea. "Ulitafuta giza kidogo, uzito mabegani, na sauti zipungue. Vyote unavihitaji. Sasa tuvitoe nje, tukutafutie kiti."

Mkandarasi aliitwa kusogeza kabati ligawe chumba na kutengeneza kona. Alilisogeza, likaziba dirisha, akalisogeza tena. Kona ikapata meza nyembamba, taa ya mwanga wa manjano badala ya ile nyeupe iliyokuwa ikitetemeka bila mtu mwingine kuiona, pazia zito, na blanketi lenye uzito wa kutosha la kujitwika mabegani. Mkandarasi, kwa hiari yake, alipigilia trei za mayai ukutani. Mtaalamu akamweleza kwa upole kwamba trei za mayai hazizuii sauti. Mkandarasi akasema ameshapigilia.

Si kila dawa ilikubali. Mtaalamu alimpa saa ndogo ya kengele imkumbushe kupumzika na kunyoosha miguu. Aliporudi alimkuta Mabano amekaa mikono mapajani, anaitazama.

"Imelia mara ngapi?"

"Sijui. Nilikuwa naisubiri."

"Siku nzima?"

"Ilikuwa inakuja."

Mtaalamu akaichukua, akaitia mkobani. "Sawa. Saa imeshindwa."

Mabano aliipenda sentensi hiyo kuliko alivyoonyesha. Maisha yake yote, kitu kikikataa kati yake na kitu kingine, aliyeshindwa alikuwa yeye. Kuona saa ikibeba lawama yake yenyewe na kuondoka nayo mkobani kulimpa nafuu iliyomdumu hadi jioni.

Ikabaki sauti moja. Pazia liliipunguza pampu, hedifoni zikamalizia. Lakini kandambili zilipita kote.

"Umemwambia?" Mtaalamu akauliza.

"Ni mama mkwe."

"Nimeelewa. Umemwambia?"

"Mwambie wewe."

"Mimi nikimwambia, ataninyamazia kwa heshima, nikitoka getini atazivaa. Na wewe utakuwa hujajua kuomba. Kuomba nako ni kazi, kama kufunga vifungo." Akavuta kiti. "Haya. Mimi ndiye mama mkwe. Anza."

Walifanya mazoezi. Sentensi waliyoichagua ilikuwa hii: Mama, naomba tuzungumze kidogo kuhusu sauti za nyumbani wakati wa kazi. Mabano aliirudia akipiga mswaki, aliirudia akivaa, aliirudia mpaka maneno yakawa laini kama mawe ya mtoni. Ikafika asubuhi ya kuitumia. Aliingia jikoni. Mama mkwe alikuwa anatoka kwenye sinki kwenda kwenye jiko. Pampu ilikuwa inakohoa, friji ikaanza kunguruma, birika likaanza kupiga mluzi, na sentensi ile ikasambaratika yote, akabaki na kipande kimoja tu cha ukweli.

"Mama, kandambili zako zinaniua."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mama mkwe aliitazama miguu yake kama miguu ya mgeni. Akazima jiko. Akazivua kandambili, akazitia kwenye mfuko wa plastiki, akafunga fundo. Akavaa viatu vyake vya kutokea, akampigia mwanawe simu aje na pikapu. Mkandarasi alipofika na kuuliza kuna nini, mama yake alimwonyesha mfuko.

"Zinaua watu," akasema, akapanda.

Mkewe aliporudi, Mabano alimsimulia kila kitu, pamoja na sentensi nzuri ambayo haikusemwa. Mkewe hakupiga kelele. Alimwambia kama anavyowaambia wanafunzi waliogonga nguzo: "Haya. Umegonga. Usirudi nyuma kwanza. Tushuke tuone tumegonga nini."

"Mama yako."

"Ndiyo," akasema. "Hiyo naiona." Akaenda kulala mapema, na mgongo wake ulisema yaliyobaki.

Nyumba ikawa kimya, na jambo la aibu ni kwamba kimya kile kilikuwa kitamu. Mabano aliandika kama hajawahi. Alimaliza filamu zote za nyuma. Aliandika upepo, akaandika aina ya upepo. Aliona haya kwa raha aliyokuwa anaipata, lakini aliipata. Akiingia kwenye kona yake asubuhi, hakutoka mpaka mkewe alipogonga mlango jioni. Ikaja siku mkewe akagonga, kimya. Akafungua pazia, akamkuta sakafuni.

"Nimelala?" Mabano akauliza alipofungua macho.

"Umezimia."

"Sikujisikia."

"Umekula nini leo?"

Alifikiri kwa uaminifu. Alifikiri jana pia, ili awe na kitu cha kujibu.

Mtaalamu alikuja, akakaa kwenye kiti chake cha siku zote. Hakuuliza kwa nini hakula. Alishajua kwamba njaa kwa Mabano ilikuwa sauti pekee isiyomfikia. Aliuliza jingine. "Zamani, hapahapa nyumbani, chai ya asubuhi ulikuwa unaipata wapi?"

"Ilikuwa inakuja."

"Kama ile kengele?"

"Hapana. Inagongwa mlango, nakatishwa, natoka, inakuwa mezani na mkate. Inabidi nile ili birika liondolewe."

"Na mchana?"

"Vilevile."

"Nani alikuwa anagonga?"

"Alikuwa ananisumbua," Mabano akasema.

"Alikuwa anakulisha."

"Alikuwa anafanya yote mawili," Mabano akasema, na kwa hilo Mtaalamu hakubisha. Alipoombwa sentensi ya kwenda kuomba radhi, alikataa. "Safari hii sikupi. Nenda na unachokijua."

Kwa Mkandarasi ngazi za kupandia ghorofani zilikuwa hazina mkono wa kushikia. Mke wa Mabano alimwambia mumewe kwamba atamsubiri garini. Mabano alimkuta mama mkwe kwenye kiti cha plastiki ukumbini, kandambili miguuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Mabano akakaa, akanyamaza. Alikuwa anatafuta pa kuanzia, na kunyamaza hakukuwahi kumsumbua. Kulimsumbua mama mkwe. Alivumilia, akakohoa, akakunja kanga yake upya, mwisho akashindwa.

"Zinakuua vipi?"

Hilo alilijua. "Ya kulia inapiga, ya kushoto inaburuta. Nikiisikia ya kulia, naanza kuisubiri ya kushoto. Nikisubiri siwezi kuandika. Halafu inakuja, halafu kuna nyingine."

"Ya kushoto ni goti," mama mkwe akasema kwa ukali.

"Najua. Zamani zilikuwa zinalingana. Ilianza kuburuta wakati wa mvua kubwa. Kupanda ile ngazi ya uani unaanza na mguu wa kulia, unapumzika, ndipo unauvuta wa pili. Wiki ile kabla sijakuudhi ulikuwa unapumzika mara mbili."

Mama mkwe aliacha kukunja kanga.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Nilisikia."

Akamtazama mkwe wake, pengine kwa mara ya kwanza bila kutazama pembeni kwa adabu. "Hakuna aliyejua. Binti yangu hajui. Huyu mwanangu ninayekaa kwake, ananipandisha ngazi hizi kila siku ananiambia mama jikaze." Akashusha sauti. "Linaniuma mpaka usingizi unakimbia."

"Nilidhani wanajua."

"Mbona hukuniuliza?"

"Wewe ni mama mkwe."

Mama mkwe alianza kucheka. Alicheka kimyakimya kwanza, mabega tu, kisha kwa sauti, akajifuta macho na pindo la kanga. Mabano hakuelewa kilichochekesha, lakini alisubiri kicheko kiishe.

"Nilikosea kusema vile," akasema. "Nilikuwa na sentensi nzuri zaidi. Ilimwagika."

"Nimesikia ulizimia."

"Ndiyo."

"Njaa. Mtu mzima na ndevu zake."

"Ndiyo, mama."

"Nyanyuka uniletee mfuko wangu," akasema. "Na unipe mkono. Ngazi hizi alizijenga mtoto wangu, lakini sizitaki."

Safari iliyofuata Mtaalamu alipokuja alitazama watu wawili. Mama mkwe alisema yeye haumwi, akanyoosha goti. Alipelekwa hospitali likaangaliwa, akapewa mazoezi, na Mtaalamu akamweka kiti kirefu jikoni ili akate mboga amekaa, pamoja na viatu laini vya kufunga kisigino. Vile viatu alivishuku kwa siku kadhaa, akisema mtu akitembea bila sauti kwenye nyumba ya watu ataonekana mchawi. Kisha goti likapoa, naye akavisamehe.

Suala la chakula walilipanga wao wenyewe, mkwe na mama mkwe, jikoni, kila mmoja akiongea na birika ili wasitazamane sana. Kugonga hapana. Kuongea hapana. Mama mkwe ataingia, ataweka sahani kwenye kigoda upande wa kushoto, na hatatoka mpaka iwe tupu. Alilitekeleza hilo kama mlinzi wa benki. Alisimama mikono nyuma, macho ukutani kwenye trei za mayai, akingoja. Mabano alikula. Mwanzoni alikula ili mama mkwe aondoke. Baadaye alizoea kivuli chake pale pembeni, kama alivyozoea uzito wa blanketi.

Mambo hayakunyooka yote. Kuna asubuhi pampu ilimshinda, akazima kompyuta, akalala chini ya blanketi, siku ikaenda hivyo. Mtaalamu alimwambia siku kama hizo zitakuwepo na hazihitaji hakimu. Kilichobaki kilikuwa kazini kwake, na hilo Mabano alilifanya bila kuambiwa. Alimwandikia msimamizi kwamba ana usonji. Kwamba kwenye mikutano ya kompyuta atazima picha yake kwa sababu hawezi kusikiliza na kutunza uso kwa wakati mmoja. Na kwamba maagizo yaje kwa maandishi, si kwa simu za ghafla. Alituma, akaenda kukaa kitandani. Jibu likaja: "Sawa."

Alilisoma mara nyingi akitafuta kilichojificha. Mwishowe akampelekea mkewe.

Mkewe aliligeuza huku na huku. "Ni sawa tu," akasema.

Mtaalamu alipunguza kuja, kisha akasema sasa basi, akihitajika apigiwe. Mama mkwe alimfungia mayai ya kuchemsha kwenye karatasi. Mabano alimshukuru, akampa mkono, akakumbuka kuuachia.

Miezi ilipita. Siku moja msimamizi alimwandikia: kuna mwajiriwa mpya, dada mmoja, kazi yake nzuri sana lakini inachelewa, na akiulizwa anasema tu kwamba nyumbani haiwezekani. Je, Mabano anaweza kuzungumza naye? Mabano hakupenda kuzungumza na watu asiowajua, kwa hiyo aliandika.

"Ukifanya kazi unakaa wapi?"

Jibu lilichelewa. Aliona yule dada anaandika, anafuta, anaandika.

"Chini ya meza," likaja. Na kabla hajajibu, likafuata jingine: "Tafadhali usimwambie mtu."

Mabano akamtumia namba ya Mtaalamu. "Akija mwonyeshe meza," akaandika. "Ataingia. Usishtuke."

Baada ya chakula cha mchana yule dada akajibu kwamba amepiga, na Mtaalamu atakuja Jumanne. Mabano akamwandikia "Sawa", akavaa hedifoni, akarudi kwenye filamu yake, mahali ambapo ndugu wawili walikuwa wamemaliza kugombana na mvua ilikuwa inaanza kugonga bati.